"Ikatulia" au "ikipapatika"? Kitenzi cha Kiebrania kinachoonekana mara tatu tu

Mwezi uliopita, katika jumuiya yetu inayokutana Alhamisi jioni, mama mmoja alitoa simu akatusikilizisha ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka WhatsApp. Mhubiri asiyejitaja jina alikuwa akieleza Mwanzo 1:2. Alisema kwamba pale Biblia zetu zinaposema "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji", Kiebrania hakisemi kutulia hata kidogo. Kinasema "rakafu", na rakafu, kwa maelezo yake, ni kutetemesha kitu mpaka kitoe mawimbi ya nguvu. Kwa hiyo maji ya mwanzo yalitiwa nguvu hizo, na maji yanayoombewa leo hutiwa zile zile. Ujumbe ulipoisha mama aliweka simu mezani akatuuliza: "Sasa ndugu zangu, tushike lipi? Ilitulia au ilitetemeka? Maana mtu hatulii huku anatetemeka."

Tulitazamana. Nilirudi nyumbani na swali lile, nikafungua vitabu nilivyo navyo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilieleza kwa kila anayeniuliza. Ninaliandika hapa kwa sababu ujumbe ule bado unazunguka, na kwa sababu habari ya kweli ya neno hili ni tamu kuliko ile iliyosemwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kiebrania huandika kitenzi hiki kwa herufi tatu: resh, het na pe. Tukilisoma kwa sauti za Kiswahili tunapata rahafu, ile "h" ya katikati ikitoka kooni, karibu na "kh" ya mtu wa Mombasa anapotamka kheri. Vitabu vya Kizungu huiandika sauti hiyo kwa "ch", na ndiyo maana wahubiri wetu wengine husema "rakafu" na wengine "rachafu". Wote wanalenga neno moja.

Herufi hizo tatu ndizo mzizi. Jambo hili halipaswi kututisha, kwa kuwa Kiswahili chetu kimejaa mizizi ya namna hiyo tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ndugu wa Kiebrania. Chukua kitabu, katibu, maktaba na katiba. Ukiondoa irabu na viambishi, unabaki na k, t, b, mzizi wa mambo ya kuandika. Kiebrania hufanya kazi hivyo hivyo: konsonanti tatu hubeba wazo, halafu irabu na viambishi huonyesha nani anatenda, lini, na kwa namna gani.

Biblia ya Kiebrania, yaani Agano la Kale, ina maneno kama 300,000 ukiyahesabu moja moja. Kati ya yote hayo, mzizi huu unatokea mahali patatu. Mwanzo 1:2 ni pa kwanza. Pa pili ni Kumbukumbu la Torati 32:11, katika wimbo wa Musa karibu na kifo chake, ambapo Mungu anafananishwa na tai juu ya kiota. Pa tatu ni Yeremia 23:9, nabii anapolia juu ya manabii wa uongo na kusema mifupa yake yote inatikisika. Roho, tai na mifupa: hapo ushahidi wa Biblia unaishia.

Sasa mtu atauliza, na ana haki: neno lililoandikwa mara tatu, katika lugha ya miaka elfu mbili na zaidi iliyopita, maana yake inajulikanaje?

Hebu tufanye jaribio. Chukulia kwamba Kiswahili kimekufa, miaka elfu mbili imepita, na mtaalamu wa siku hizo amebaki na sentensi tatu tu zenye kitenzi "papatika". Ya kwanza inasema, "Kuku alipapatika baada ya kuchinjwa." Ya pili, "Njiwa alipapatika juu ya kiota." Ya tatu, "Mikono ya mzee ilipapatika kwa baridi." Mtaalamu mwenye haraka ataishika sentensi ya kwanza peke yake na kutangaza kwamba papatika ni kufa kwa kuchinjwa. Mwingine ataishika ya pili na kusema ni kulea watoto. Mwenye subira ataziweka zote tatu mezani na kutafuta kinachofanana: mwendo mdogo, wa haraka, wa kurudiarudia, ambao haumpeleki mtendaji popote. Hapo atakuwa amefika. Kisha atatafuta lugha ndugu, Kikomori au Kigiryama tuseme, aone kama zina neno linalofanana na linatumikaje. Mwisho atatafuta watu waliowahi kuzitafsiri sentensi hizo zamani, wakati Kiswahili kilikuwa hai.

Ndivyo wataalamu wanavyofanya kwa rahafu. Wana mashahidi watatu: mazingira ya sentensi, lugha ndugu, na tafsiri za kale.

Sentensi inayosema waziwazi kuliko zote ni ile ya Kumbukumbu, kwa sababu mtendaji ni ndege na mahali ni kiota. Biblia ya Muungano, ile ya mwaka 1952 iliyounganisha tafsiri za upande wa Unguja na za upande wa Mombasa, inasema tai huyo anajulikana kwa "kupapatika juu ya makinda yake". Watafsiri walichagua vizuri sana. Tai yuko juu ya kiota, mbawa zinapiga, hajatua na wala haondoki. Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Kiyahudi aliyeishi Troyes nchini Ufaransa (1040 hadi 1105), anaueleza mstari huu kwa picha ambayo siisahau: tai hawalemei watoto wake kwa uzito wake, bali huwa juu yao akigusa bila kugusa. Mzazi mwenye kucha kama zile akijibwaga kiotoni atawaumiza wanawe. Basi anajishikilia hewani kwa nguvu za mbawa zake mwenyewe ili wao wasibebe uzito huo.

Nilikulia karibu na Ziwa Victoria, na ninapousoma mstari huo simwoni tai, namwona mdiria. Yupo mdiria mmoja mweusi kwa mweupe, mdomo mrefu kama sindano ya kushonea magunia, ambaye kila mtoto wa ziwani amemtazama akivua. Huruka kutoka kwenye mti au mlingoti wa mtumbwi, akafika juu ya maji mita kadhaa, halafu akasimama hewani. Mbawa zinakwenda kasi hadi hazionekani vizuri, kiwiliwili kimesimama wima, na kichwa hakisogei hata kidogo. Macho yako chini, kwenye maji. Anaweza kukaa hivyo kwa muda ambao mtoto anauona mrefu, kabla ya kujitupa majini au kuhamia mahali pengine. Ukimtazama kichwa utasema ametulia, na ukimtazama mbawa utasema anatetemeka. Mama wa jumuiya yetu alisema mtu hatulii huku anatetemeka, na kwa mtu ni kweli, lakini huyu ndege anafanya yote mawili kwa wakati mmoja.

Shahidi wa pili, lugha ndugu, alipata nguvu katika karne ya 20. Mwaka 1928 mkulima mmoja akilima karibu na pwani ya Syria aligonga kaburi la kale kwa jembe lake, na mwaka uliofuata wachimbaji walianza kufukua mahali paitwapo Ras Shamra. Walichokipata ni mji wa Ugariti, na ndani yake vibao vya udongo vilivyoandikwa kwa lugha iliyo jirani sana na Kiebrania, vya karne ya 14 na 13 kabla ya Kristo. Katika kisa kimoja cha vibao hivyo, kijana aitwaye Aqhat anakataa kumpa mungu wa kike Anat upinde wake. Anat anapanga kumwua. Aqhat anaketi kula chakula, na juu yake tai wanazunguka hewani wakimngojea. Kitenzi kinachotumika kwa tai hao ni mzizi ule ule, r-kh-p.

Angalia kilichotokea hapo. Kule kwa Musa ndege yuko juu ya watoto wake kwa upendo. Kule Ugariti ndege wako juu ya mtu wa kuuawa. Kitenzi ni kimoja, nia ni mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Maana yake ni kwamba upendo hauko ndani ya kitenzi. Upendo unaletwa na makinda, na hatari inaletwa na Anat. Kitenzi chenyewe kinaeleza mbawa zinavyokwenda.

Ninakazia hapa kwa sababu kuna maelezo mengine maarufu, ya zamani sana na yenye heshima, yanayosema kwamba Roho "aliatamia" maji kama kuku anavyoatamia mayai. Hayakuzuka WhatsApp. Mtakatifu Basili wa Kaisarea, katika mahubiri yake juu ya siku sita za uumbaji katika karne ya 4, anasema aliyapata kwa mtu mmoja wa Syria ambaye lugha yake ilikuwa karibu na Kiebrania: kwamba neno hilo ni la ndege anayeyafunika mayai yake na kuyapa uhai kwa joto lake. Yeronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, anatoa maelezo yanayofanana katika maandishi yake juu ya Mwanzo. Katika Kisiria, yaani Kiaramu cha Wakristo wa kale wa Mashariki, kitenzi hiki kweli kilikua mpaka kikabeba wazo la kufunika kwa huruma, na kikaingia katika sala za misa, Roho akiombwa ashuke juu ya mkate na divai.

Basi je, kuatamia ni kosa? Ningesema ni matumizi yaliyokua baadaye katika lugha ndugu, tusiyoweza kuyarudisha nyuma mpaka Mwanzo kana kwamba ndiyo maana ya awali. Kuku anayeatamia amekaa. Uzito wake uko juu ya mayai, na kazi yake yote inategemea kugusa. Tai wa Musa hajakaa, na tai wa Ugariti hawakuwa na mayai. Halafu kuna waliokwenda mbali zaidi wakasema kama kuna kuatamia basi kuna yai, na ulimwengu ulitoka katika yai kama hadithi za mataifa ya kale zilivyosema. Mwanzo 1 haina yai popote.

Shahidi wa tatu, tafsiri za kale, ananifundisha unyenyekevu. Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki kabla ya Kristo walikutana na kitenzi hiki mara tatu, na kila mara waliandika kitu tofauti. Katika Mwanzo waliandika neno lenye maana ya kuchukuliwa au kupita juu ya. Kwa tai wa Musa waliandika kwamba aliwatamani makinda yake, yaani moyo wake uliwaelekea. Kwa mifupa ya Yeremia waliandika kwamba ilitikiswa. Biblia ya Kiingereza ya mfalme James nayo ina vitenzi vitatu tofauti. Na Biblia yetu ya Muungano ina vitatu pia: Roho "ikatulia", tai anapapatika, mifupa "inatikisika".

Kila mtafsiri alitazama sentensi iliyo mbele yake na kuandika kinachoeleweka hapo. Simlaumu. Lakini hasara ipo, na kwangu ndiyo habari kubwa katika jambo hili lote.

Fungua Kumbukumbu 32 usome mstari wa 10 kabla ya ule wa tai. Wimbo unasema Mungu alimkuta Israeli "katika nchi ya ukame, na katika jangwa tupu litishalo". Nyuma ya maneno hayo ya jangwa kuna neno la Kiebrania tohu. Sasa rudi Mwanzo 1:2: "Nayo nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu." Hilo "ukiwa" ni tohu, neno lile lile. Katika vitabu vitano vya Musa, tohu linaonekana mara hizi mbili, na rahafu linaonekana mara hizi mbili. Mara zote mbili yanakuja pamoja, utupu kwanza, kisha mbawa juu yake. Mlango wa kwanza wa Torati na wimbo wa karibu na mwisho wake vinaitana.

Msikilizaji wa Kiebrania aliyeikariri Torati tangu utoto alikuwa na nafasi ya kusikia mwito huo. Alipofika kwenye wimbo wa Musa akasikia tohu, na punde rahafu, sikio lake lingerudi kwenye giza na maji ya mwanzo. Wimbo ulikuwa ukimwambia kwamba kilichotokea jangwani, taifa la watumwa likiokotwa mahali pasipo kitu, ni cha namna moja na kilichotokea kabla ya nuru. Msomaji wa Kiswahili anasoma "ukiwa" na "ikatulia" hapa, "jangwa tupu" na "kupapatika" kule, na hana kamba ya kuunganisha. Yeye amesoma kwa makini, ila vitanzi viwili vilikatwa katika tafsiri.

Tuseme neno kuhusu Yeremia, maana hapo ndipo mhubiri wa WhatsApp alipochukua "kutetemeka" kwake. Nabii anasema moyo wake umevunjika, mifupa yake yote rahafu, amekuwa kama mlevi. Kitenzi hapa kiko katika umbo la kawaida lisilonyambuliwa, wakati kwa Roho na kwa tai kimenyambuliwa katika umbo ambalo wanasarufi huliita pieli. Tofauti hiyo ni kama ya piga na pigapiga, au kata na katakata: mzizi haukubadilika, lakini tendo limepewa sura nyingine. Wako wataalamu wanaoona hapa mizizi miwili iliyofanana kwa sauti tu, mmoja wa ndege na mwingine wa kulegea au kutetemeka, kama tulivyo na paa mnyama, paa la nyumba na kupaa angani, ambayo hayahusiani. Kwa hiyo kamusi zao huandika rahafu ya kwanza na rahafu ya pili.

Mimi kama msemaji wa Kiswahili sioni haja ya kutenganisha. Kupapatika kwetu ni kwa mbawa na ni kwa mikono yenye baridi. Moyo nao hupapa mtu anapoogopa. Lugha moja inaweza kabisa kuliita kwa jina moja pigo la haraka la bawa na mtetemo wa mwili uliokosa nguvu, kwa kuwa jicho linaona kitu kimoja. Waebrania walikuwa na macho kama yetu.

Lakini hata ukikubali hivyo, huwezi kuichukua mifupa ya Yeremia ukaipeleka Mwanzo. Hilo ndilo kosa la ujumbe ule, na linafanyika kila siku kwa nia njema. Watu wengi sasa wana programu za Biblia kwenye simu zenye namba za maneno. Ukibonyeza neno katika Mwanzo 1:2 inakuja namba 7363 na mstari mfupi wa maana: kuatamia, kulegea, kupapatika, kusogea, kutikisika. Namba hizo zinatokana na kazi ya James Strong, Mmarekani aliyetoa faharasa kubwa ya Biblia ya Kiingereza mwaka 1890. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ila sehemu ya mwisho ya mstari ule inakuonyesha jinsi Biblia moja ya Kiingereza ilivyolitafsiri neno mahali pote linapotokea. Si meza ya chakula ambapo kila mtu anajipakulia anachokipenda.

Fungua kamusi ya Kiswahili kwenye neno "kata". Utakuta kukata mti, kukata tamaa, kukata rufaa, kukata tiketi. Mgeni akisoma kwamba abiria alikata tiketi Ubungo, kisha akaja kwako na kusema kwa ushahidi wa kamusi kwamba abiria aliichana, utamwonea huruma. Kamusi haikumdanganya. Alichukua maana ya mti akaitia kwenye tiketi. Mhubiri wetu alichukua mtetemo wa mifupa akautia kwenye Roho, halafu akaongeza mawimbi ya nguvu, jambo ambalo haliko Mwanzo, haliko Kumbukumbu, wala haliko Yeremia. Kuhusu maji ya kuombewa, kila kanisa lina mafundisho yake na sitayagusa. Ninachosema ni kwamba kitenzi hiki hakiwezi kuwa shahidi wake.

Kuna mjadala mwingine ambao ni wa kweli na mwenye kusoma anapaswa kuujua. Neno lililotafsiriwa Roho ni ruah, ndugu wa "roho" yetu iliyotoka Kiarabu. Kwa Kiebrania ruah ni roho, ni pumzi, na pia ni upepo. Baada ya gharika, Mwanzo 8:1 inasema "Mungu akavumisha upepo juu ya nchi", na huo upepo ni ruah, tena juu ya maji. Kwa hiyo wako wanaosoma Mwanzo 1:2 kama upepo wa Mungu, na wengine kama upepo mkali mno. Usomaji huo si wa wasioamini wa leo. Tafsiri ya kale ya Kiaramu ya Wayahudi, iitwayo Onkelosi, ilisema ruah hiyo ilikuwa "ikivuma", na Efrem Mshamu, mtakatifu mwenye nyimbo nyingi, alishikilia katika ufafanuzi wake kwamba hapo ni upepo.

Nikipima, kitenzi chenyewe kinanivuta upande wa Roho, au angalau mbali na dhoruba. Upepo una vitenzi vyake tele katika Kiebrania. Mwandishi angeweza kusema ulivuma, ulipiga, ulipita. Akaviacha vyote akachukua kitenzi cha ndege. Dhoruba haisimami juu ya kitu ikakiangalia. Na katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, yako maelezo ya mwalimu Ben Zoma, kwamba Roho ya Mungu juu ya maji ilikuwa kama njiwa aliye juu ya watoto wake bila kuwagusa. Kwake nafasi kati ya maji ya juu na maji ya chini ilikuwa ya vidole vitatu tu. Mkristo akisoma hapo atakumbuka njiwa wa mto Yordani, na nadhani hakosei kukumbuka, mradi ajue kwamba kumbukumbu hiyo ameileta yeye.

Kwa kuwa ruah ni neno la kike katika Kiebrania, kitenzi kinafuata kwa umbo la kike, merahefeti. Wapo wanaojenga juu ya hilo mafundisho kwamba Roho ni mwanamke. Sisi wenye ngeli tungepaswa kulielewa hili haraka kuliko Wazungu. Tunasema roho hii, roho hizi, kwa ngeli moja na nyumba na ngoma, na hakuna anayedhani roho ni kitu cha aina moja na nyumba. Ni mpango wa lugha.

Lakini umbo hilo merahefeti lina jambo jingine la thamani zaidi, nalo ni wakati. Ni umbo la tendo linaloendelea. "Ikatulia" ya Biblia ya Muungano ina -ka-, na -ka- kwetu husukuma hadithi mbele: akaja, akaketi, akala. Msomaji anaelewa kwamba kwanza kulikuwa na giza, halafu Roho akaja akatulia, likaisha. Kiebrania hakisemi hivyo. Kinasema nchi ilikuwa katika hali ile, giza lilikuwa pale, na Roho alikuwa akifanya tendo hilo, bila kutuambia alianza lini. Biblia Habari Njema ilirekebisha upande huu kwa kuandika "ilikuwa ikitanda juu ya maji". Wakati umekaa sawa, ingawa kutanda ni kwa wingu na ukungu, na ndege amepotea.

Nawatetea wazee wa 1952 katika jambo moja. Kutulia ni mtoto wa kutua, na ndege ndiye anayetua. Ukilisikiliza neno kwa sikio hilo, picha ya ndege haiko mbali kama inavyodhaniwa. Naelewa pia kwa nini huenda mtu asingependa kuandika "kupapatika" juu ya Mungu katika mstari wa pili wa Biblia. Katika majiko yetu anayepapatika mara nyingi ni kuku aliyekwisha kupitiwa na kisu, au mtu aliyechanganyikiwa asijue aanzie wapi. Neno lina harufu hiyo, na hakuna jingine la Kiswahili lililo safi kabisa. Kuelea ni kwa mashua na puto. Kurandaranda ni kwa mtu asiye na kazi. Kuatamia tumekwisha kuliona. Waisraeli wa leo walipohitaji jina la droni walilitoa katika mzizi huu huu, wakaiita rahfani, kwa kuwa inasimama hewani juu ya mahali bila kutua. Sisi tulikopa jina pamoja na kifaa.

Hata hivyo wazee hao hao hawakuogopa kuandika kupapatika katika wimbo wa Musa, na hapo tendo ni la Mungu vilevile, kwa mfano wa tai. Kama neno lilifaa kule, lingefaa na huku, na kitanzi kingebaki.

Alhamisi iliyofuata tuliisoma mistari hiyo mitatu kwa mfululizo, Mwanzo, Kumbukumbu, kisha Yeremia. Mama aliyeuliza swali alinyamaza muda. Kisha akasema kwamba kuku wake akimwona mwewe huwa halali juu ya vifaranga mara moja, kwanza husimama akafungua mbawa na kuzitikisa, nao hukimbilia chini yake. Halafu akaniomba penseli. Pembeni mwa Mwanzo 1:2 aliandika "ikipapatika, tazama Kumb. 32:11", na pembeni mwa Kumbukumbu 32:11 akaandika "Mwa. 1:2".